Kidevu na Kifuko cha Kiwavi

Mpiga picha za pasipoti alibandikwa jina la Kidevu, kwa kuwa hakuna aliyekalia stuli yake asiambiwe, "Inua kidevu." Hata kifuko cha kiwavi kilichoning'inia kwenye kitambaa cha buluu cha studio alishakiambia hivyo hivyo.

Asubuhi hiyo kifuko kikaanza kutikisika. Lenzi ya kupigia vitu vidogo ilikuwa ndoto ya mchana kwa mfuko wake, lakini lisilo budi hutendwa. Kidevu akaichomoa lenzi yake kuukuu, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa vidole mdomoni mwa kamera. Ikigeuzwa hivyo, lenzi ya kawaida humwona sisimizi kama ng'ombe. Ila ukipumua tu, picha yote inakuwa ukungu.

"Vumbi likiingia humo, baba watoto, tutakula vipepeo?" mkewe aliuliza. Alikuwa amenuna, ameshika sahani nyeupe kurudisha mwanga wa dirishani.

"Leo tu, mama watoto. Nikishindwa, sigusi tena mdudu."

"Hayo nayaweka akiba."

Hakuwa na utani, na Kidevu alijua. Taa ya betri nayo ikaanza kupepesa nyekundu. Betri ile kongwe ilikuwa imebakiza picha moja, tena ikipenda.

Kifuko kikapasuka. Kichwa kilicholowa kikachungulia. Kidevu akasogea mbele kidogo, akarudi nyuma. Jicho la kipepeo likatokea, likapotea, likatokea tena. Jasho lilimchonyota machoni, na mkono wa kujifuta hakuwa nao.

"Piga!" mkewe akanong'ona.

Mazoea yana taabu. "Moja," akasema Kidevu. "Mbili..."

Kidole cha mkewe kikatua juu ya chake, kikabonyeza. Kamera ikalia, kisha ikazima.

"Umeniharibia!" Kidevu alitaka kulia, mtu mzima na mvi zake.

Betri ikachajiwa, kila mmoja akiutazama ukuta wake. Kipepeo akakunjua mabawa bila wa kumpiga picha. Kamera ilipowaka, jicho lilijaa kioo kizima, vinyweleo vikihesabika kimoja kimoja.

"Ulijuaje?" Kidevu aliuliza.

"Miaka yote unahesabu, na kwenye tatu watu wote hufumba macho." Mkewe akaifuta sahani kwa kanga. "Jikoni kuna kifuko kingine. Nilikificha usikione. Hicho pia nitabonyeza mimi."