Ijumaa za Shangazi na Ramani ya Kilima

Mimi ni mchoraji, ingawa hapa Doha natandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay. Nachora kwenye makaratasi magumu yanayowekwa ndani ya mashati ya wageni yakitoka kwa dobi. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nachora ramani ya kilima nilikolelewa, nje ya Mbale, Uganda, wanakoishi Wayahudi wetu tangu enzi za mababu. Nilitaka kuonyesha nyumba walimosali kwa kujificha wakati serikali ya kijeshi ilipopiga marufuku dini yao. Nyingi zimebomolewa. Aliyebaki akizijua ni shangazi yangu, na kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka. Basi nilikaa roho juu. Hata nikinyoosha shuka nilijiuliza, leo amesahau nini?

Tuliongea Ijumaa tu, siku yangu ya mapumziko. Yeye hajui kupiga simu za nje, anajua kupokea. "Nipigie nikishamaliza kupika, kabla sijawasha mishumaa," alisema. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, simu haigusi tena.

Saa za Doha na za Uganda ni zilezile, kwa hiyo sikuona cha kufikiria. Nilipiga mwisho wa alasiri, nikamkuta anamenya matoke, moshi unamkohoza.

"Niko jikoni, mwanangu. Piga baadaye."

Baadaye ipi, na adhana ya Magharibi ndiyo hiyo inasikika dirishani kwangu, mtaa wa Al Sadd? Nikaona maskini amesahau hata Sabato inaingia lini. Nikakata simu kwa heshima, nikabaki nakodolea macho mapengo ya ramani. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Nina kipaji cha kujitisha: mara amenikasirikia, mara anaumwa na wananificha.

"Utajitia presha bure," alisema mwenzangu wa chumbani, dada wa Mombasa.

Ramadhani ikaingia. Ijumaa moja mwenzangu huyo alifungua saumu kwa tende, akanipa na mimi, akampigia mamake kule Mombasa huku sauti ya simu ikisikika chumba kizima.

"Mama, mshafuturu?"

"Tufuturu nini, na jua liko palepale! Nyinyi kila siku mwatutangulia, mwatutamanisha tu."

Alicheka. Mimi nikaiweka tende chini. Jua! Huku linatuacha mapema, kwetu halizami mpaka karibu saa moja. Majira yote ya baridi nilikuwa nakata simu wakati shangazi hajamaliza hata kunawa mikono akae.

Nikapiga. Akapokea mara moja.

"Leo umepiga kwa wakati! Kila Ijumaa nakaa kibarazani na simu mapajani, nasema sasa hivi atapiga."

Alikuwa mtulivu, hana haraka. Akanipa nyumba ya mfinyanzi, akanipa ya yule mjane aliyefuga bata, na kijia cha nyuma ya migomba walikopita usiku. Nilichora huku nalia, kwa furaha na kwa hasira juu ya kichwa changu kigumu. Kisha nikauliza ile niliyoitaka kuliko zote, nyumba walimoficha Torati.

Nilisikia kuku wake tu.

"Hiyo," akasema polepole, "juzijuzi nilikuwa nayo. Nilikuwa nairudiarudia moyoni isije ikanitoroka kabla hujapiga."

Nikaliacha pengo lake wazi kwenye ramani. Akaniaga akawashe mishumaa.