Kivuli cha Saa Kumi

Nakumbuka siku moja ya harusi kwetu Kisauni, mwanangu, na kila nimsikiapo mtu akisifia tenti kwa urefu wake, siku hiyo hunijia. Nilikuwa msichana mbichi, mwenye ulimi mrefu kuliko akili. Tenti hizi za kukunjua, ambazo unavuta miguu na paa linajitandaza, ndiyo kwanza zilikuwa zaingia mitaani. Nikapewa kazi ya kwenda kuchagua moja ya kukodi, wanawake wakae uani.

Dukani palikuwa na mbili. Moja fupi, ya kitambaa kizito, ina mapazia ya pembeni, na rangi imechujuka. Ya pili ndefu, nyeupe, ina marinda kuzunguka paa. Mwenye duka alinishauri ile fupi, nikamcheka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini ni nani amwambiaye hayo binti wa umri ule akasikia? Nikachukua ndefu.

Sasa, nyanya yangu alikuwa ametoka hospitali wiki ile ile, moyo wake dhaifu, na daktari amemkataza jua. Lakini bibi harusi alikuwa mjukuu aliyemlea mwenyewe, na nyanya aliapa hatainuka jamvini mpaka aletewe amwombee dua kwa mkono wake. Tukamweka katikati, chini kabisa ya paa. Adhuhuri kivuli kilikuwa tele, nami nikajiona fundi.

Saa kumi bibi harusi bado yuapambwa (wawajua wapambaji wetu na saa zao), na jua likaanza kulalia magharibi. Kivuli kikahama. Sisi hukaa chini, mwanangu, si vitini. Paa likiwa juu sana na mtu yuko chini, jua la alasiri huingia ubavuni bila hodi. Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, lakini kivuli cha tenti ile ungekingoja chini mpaka Magharibi. Kilikuwa kimeshaangukia ukutani kwa jirani, kinawapoza kuku wake. Nyanya yuko juani, jasho lamtiririka, midomo imemkauka, na kila tukimshika tumwinue, asema, "Niwacheni! Nilimwambia atanikuta hapa." Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwelikweli.

Shangazi yangu, Bi Mwanaisha, hakunipigia kelele. Alivua leso ya mabegani akaifunga kwenye miguu ya tenti, upande wa jua, kisha akawageukia wenzake: "Jamani, leso!" Zikaja leso, hii juu ya hii, mpaka likawa pazia. Nyanya akapata kivuli, akanyweshwa maji, pumzi zikamtulia. Hapo ndipo shangazi akaniita kando.

"Abee," nikaitika.

"Wewe ulikodi paa, mwanangu. Kivuli hukukodi. Siku nyengine kaa pale watakapokaa wao, saa watakayokaa wao, ndipo uchague."

Nililia. Bibi harusi alipotolewa, alimkuta nyanya pale pale. Nyanya akamwekea mkono kichwani, akasoma dua yake mpaka mwisho. Ndiyo harusi ya mwisho aliyoihudhuria.

Basi, mwanangu, ukienda kuchagua tenti, yaache marinda. Jiulize wageni wako watakaa chini au vitini, na shughuli ni ya saa ngapi. Chukua yenye paa la wastani, kitambaa kizito, na mapazia unayoweza kuyafunga upande wa jua. Nyua zetu nyingi ni za saruji, hazishiki vigingi, kwa hivyo funga madebe ya mchanga miguuni, maana pazia nalo hualika upepo. Kisha tandika jamvi alasiri, ukae wewe mwenyewe, uone jua lakupata wapi. Na katika wageni wako wote, mfikirie kwanza yule asiyeweza kuhama.

Mwenyezi Mungu akujaalie shughuli nyingi za heri, na wazee wako wakae humo wametulia, mpaka wamalize kukuombea.