Yai la Jenerali

Nitawasimulia habari za Fukiko Sabae, wala sitajifanya kwamba nazisimulia kwa moyo mweupe. Nina donge naye. Nilikuwa nalo hata siku zile nilipokuwa nikimpelekea biskuti za mchele na kumwambia karibu jirani.

Fukiko anakaanga samaki na viazi nyuma ya duka moja la vyakula hapa Niigata. Ana miaka arobaini na sita, mjane, mfupi, na nywele zake zinanuka mafuta hata aziosheje. Kuchora hakufundishwa na mtu. Mikono ya watu anaichora kama uma. Lakini mara mbili kwa mwaka, kwenye soko la vitabu vya katuni wanavyochora mashabiki wenyewe, katika ukumbi ulio karibu na mto, foleni ya meza yake inazunguka nguzo mbili na kuiziba meza ya jirani yake.

Jirani huyo ni mimi, Mineyo. Napiga pasi mashati kwa dobi, na kwa miaka kumi na moja nimechora vitabu vya kumtania Jenerali Kuragane. Jenerali ni wa katuni ya televisheni: hacheki, halali, ameteketeza miji mitatu. Mimi ndiye niliyempeleka jikoni. Mimi ndiye niliyemvalisha aproni, nikampa yai alikaange na kulikunja, likamshinda, akalia. Miaka sita baadaye akaja Fukiko na Jenerali wake analilia yai, na ukumbi mzima ukaangua kicheko kana kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana chini ya jua.

Najua mnachotaka kusema. Jenerali si wangu, ni wa kampuni iliyomtengeneza, na nilimchukua bila kuomba. Sawa. Lakini yai lilikuwa langu.

Kwetu sheria haina mlango wa utani. Ukimchora mhusika wa mtu, hata kwa kumcheka, mwenyewe anaweza kukushtaki. Ila kwa vijitabu kama vyetu ni lazima yeye mwenyewe alalamike. Akinyamaza, hakuna askari atakayekuja. Na kampuni nyingi zinanyamaza, maana wanaonunua vitabu vyetu ndio hao hao wanaotazama katuni zao. Kwa hiyo tuna mwiko mmoja: usiulize. Ukiuliza kama inaruhusiwa, umemlazimisha mwenye mali ajibu, na jibu lake haliwezi kuwa ndiyo. Ukila na kipofu usimguse mkono.

Mwaka jana, soko la mwezi wa nne, Fukiko alifika akihema, na mfuko mikononi.

"Dada Mineyo, za asubuhi! Shika, kababu za viazi, bado za moto. Na kitabu changu kipya hiki hapa."

"Na changu hiki," nikasema. Ndivyo majirani wa meza tunavyofanya, tunabadilishana kabla mlango haujafunguliwa.

Akakifungua pale pale, akacheka mpaka akafuta machozi. "Jenerali na mwavuli! We dada, akili hizi unazitoa wapi?"

Alicheka kwa dhati. Afadhali angenicheka mimi.

Saa tano binti mmoja, mwanafunzi, alichoka kusimama kwenye foleni yake akasogea kwangu. Akapekua kitabu changu kile cha kwanza, cha yai. Nakala zake bado zilikuwa zimejaa boksi.

"Samahani, mama. Huyu naye anakaanga yai. Umeiga kwa Bi Fukiko, eeh?"

"Nimeiga?"

"Si vibaya lakini! Wanamuiga wengi tu." Akakirudisha kitabu taratibu, akakinyoosha kilingane na vingine, akarudi kwenye foleni.

Jumatatu yake niliandika barua kwa kampuni. Barua ya adabu sana. *Naomba kujua kama kampuni inaruhusu kitabu nilichoambatanisha.* Nikaambatanisha kitabu cha Fukiko, kile kile alichonipa, kina doa la mafuta ya kababu kwenye jalada. Chini nikaandika: shabiki. Sitasema sikujua ninachofanya. Nilijua. Niliitumbukiza nikienda kazini, na siku hiyo nilipiga pasi huku naimba.

Baada ya wiki sita waandaaji wa soko wakapokea orodha. Kwa kuwa tumeulizwa, kampuni iliandika, vitabu vifuatavyo visiuzwe tena. Vyote saba vilikuwa vya Fukiko. Vingine haikuvitaja, na kisichotajwa kwetu hakiguswi.

Niliisoma orodha kutoka juu, kisha nikaanza tena kutoka chini. Miaka kumi na moja nachora, na hata kukatazwa sikukatazwa! Badala ya kufurahi niliona wivu. Walikuwa wamemsoma. Mtu fulani ofisini alikaa na Jenerali wa Fukiko, pengine akacheka.

"Nani kauliza?" alifoka mzee Tokioka, mwandaaji wetu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Yumo humu humu!"

"Kweli kabisa," nikasema.

Soko la mwezi wa kumi Fukiko alikuja bila kitabu hata kimoja. Alileta kababu. Akavuta kiti, akaketi kwenye meza yangu ili anisaidie kuuza.

"Pole," nikamwambia.

"Yameshapita. Watu wa kampuni waliniita Tokyo, ujue. Nilienda na gauni la msibani, sina jingine la heshima. Waungwana, wakanipa na chai. Ila wakauliza, hili la yai umelitoa wapi, kuna mwenzako aliyelianza?"

Nikaiweka kababu chini. "Ukasemaje?"

Akaniinamia sikioni. "We! Nikutaje? Ningekuwa mtu wa namna gani? Kitabu chako cha yai ndicho kilichonishikisha kalamu, mwaka ule mume wangu alipofariki. Nilikuwa sijacheka miezi mitatu. Nikawaambia ni langu, nimelibuni mwenyewe kazini kwenye karai, sijaliona kwa mtu yeyote. Wakaliandika, nikatia muhuri wangu." Akanipigapiga goti. "Kwa hiyo usiogope, dada. Kwenye karatasi zao yai ni la Fukiko Sabae. Wewe haumo."

Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba ni langu, ukumbi mzima usikie. Lakini kampuni ingesikia pia, na mzee Tokioka angejua ni nani aliyekuwa na sababu ya kumchongea Fukiko, na kila neno nililokuwa nalo lilirudi kwenye ile barua.

"Asante," nikamwambia.

"Aa, mambo madogo hayo," akasema Fukiko, akanisogezea kababu iliyobaki.