Fungu la Maria

Nilipokuwa mtoto, watu wa mtaani kwetu Sumbawanga walinisalimia huku wakinitazama ubavuni, kana kwamba kuna mtu mwingine wanamtafuta. Mtu huyo alikuwa Maria, pacha wangu, aliyefariki kwa surua kabla hatujajua kuongea vizuri. Mimi ni Marta, niliyebaki. "Pacha mmoja hakai sana, mwenzake atamwita," walisema wakidhani sisikii. Nilisikia vizuri tu, masikio yangu sikuyaazima kwa mtu.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na kinga yake. Jikoni kwake kulikuwa na kibakuli cha udongo, na kila mavuno yalipoingia alipepeta ulezi, akatia humo konzi moja. Hilo lilikuwa fungu la Maria. "Akiwa na chake, hatakuja kutafuta kwako," alinieleza. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilimpenda Bibi, na nampenda hata sasa alikolala, lakini kibakuli kile kilinikera. Kila nikikiona nilikumbushwa kwamba kuna mahali nasubiriwa.

Baba alikuwa dereva wa lori, akishuka bondeni Ilemba kufuata mpunga. Siku moja ya mwezi wa sita, wakati ule upepo wa Ufipa unapochana midomo, alirudi na boksi la sabuni lenye matundu. Ndani alikuwamo ndege mdogo wa jamii ya kasuku, yule anayeitwa cherero: mwili wa kijani, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Vijana waliokuwa wakilinda shamba la mtama walimnasa kwa ulimbo, yeye na mwenzake. Mwenzake alikufa palepale. Huyu alikuwa amebaki na bawa moja lililogandamana, amekonda mpaka mfupa wa kifua umechomoza.

"Nimemwonea huruma," alisema Baba. "Marta, ukimweza ni wako."

Bibi hakusogea karibu. "Hawa wanaishi wawiliwawili," alisema. "Akifa mmoja, aliyebaki hutafuta wa kuondoka naye. Nyumba zote hizi, wewe ukaona umlete kwa huyu?" Alininyooshea kidole mimi.

"Mama, ni ndege tu huyo," Baba alimjibu.

"Ndege tu! Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Niseme mapema, kabla sijaendelea, kwamba miguu yangu yote miwili ipo na inatembea.

Nilimchukua. Mama, ambaye hakuwahi kubishana na mkwewe, alibishana naye siku hiyo kwa vitendo: alileta mafuta ya kula. Tulilipaka lile bawa kidogokidogo hadi ulimbo ukalegea, tukaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, tukamkausha kwa kitambaa. Aliniuma kidole mpaka damu ikatoka, nami sikumwachia. "Mkaidi huyu," Mama alisema, "mmekutana." Jina likabaki hilohilo.

Tatizo likawa chakula. Tulimpa chenga za mahindi, akazitazama tu. Tulimpa wali, akaukanyaga. Akazidi kuvimbisha manyoya na kusinzia mchana, na hata mimi mtoto nilijua ndege anayesinzia mchana yuko njiani kuondoka. Alitaka punje ndogo, na ulezi wetu wote ulikuwa umeshasagwa unga, isipokuwa ule wa kwenye kibakuli.

Nilikwenda jikoni kwa Bibi mchana kweupe, nikachota fungu la Maria. Sikutetemeka. Nilijiambia kwamba kama Maria ni dada yangu kweli, hawezi kuninyima ulezi. Mkaidi alidonoa punje ya kwanza, akaimenya, akadonoa nyingine. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kumlisha kulikuwa rahisi kuliko kumfanya aniamini. Mkono wa mtu ndio uliomtenga na mwenzake, na yeye hakuwa mjinga. Nikajifunza kutomshika. Nilikaa karibu na kizimba alichoundiwa na Baba, nikampa ubavu badala ya uso, nikachambua maharage huku nikimsimulia habari za shule. Nilimwekea ulezi mlangoni, kisha ukingoni, kisha kwenye kiganja changu. Kwenye kiganja alikula, lakini nikikunja kidole kimoja tu, anarudi pembeni akipiga kelele. Nikamwambia sina haraka.

Kumbe Bibi alikuwa akikitazama kibakuli. Kwa miaka yote ile fungu la Maria halikuwahi kupungua, na sasa lilikuwa likiliwa. Hakumwambia mtu. Aliongeza ulezi, nao ukaliwa. Bibi wa watu akaamini anachokiamini.

Kisha mimi nikaugua. Zahanati walisema malaria, wakanipa dozi, lakini nyumbani hakuna aliyetaka kusikia habari za mbu. Shangazi alikuja akakaa ukumbini kimya, kanga begani, mkao wa msibani kabisa. Alasiri ile nikamsikia Bibi akilia mlangoni: "Fungu linaliwa! Maria amekuja, na ndege huyu ndiye aliyemleta." Alikuwa amebeba kizimba anakitoa nje kwenye upepo, kwenye baridi ambayo ingemuua Mkaidi kabla jua halijazama.

Niliinuka na homa yangu, nikamshika Bibi kanga.

"Ulezi nimechukua mimi," nilisema. "Nimempa Mkaidi. Maria hajaja, Bibi. Maria amekufa."

Neno hilo halikuwa likitamkwa kwetu. Maria "alitangulia", Maria "alipumzika". Shangazi alijishika mdomo. Mimi niliendelea, maana homa ilikuwa imenipa ulimi: "Na mimi sijafa. Ukimtoa huyu, unitoe na mimi."

Nikafungua kizimba, nikaingiza mkono. Nilitegemea kuumwa. Mkaidi alipanda kwenye kifundo cha mkono, akapanda bega, akajichimbia shingoni kwangu ndani ya sweta, pale homa ilipokuwa kali zaidi. Alikuwa anatafuta joto tu, najua. Lakini alikaa, nilipomgusa hakukimbia, na moyo wake ulikuwa ukidunda kwenye shingo yangu.

Bibi alikitua kizimba chini. "Haya," alisema mwishowe kwa sauti ya uchovu. "Mtajuana wenyewe." Nikapona, kama wanavyopona watoto wengi wanaomaliza dozi.

Mkaidi aliota manyoya mapya, akaruka ndani ya nyumba, akatoboa pazia la Mama na kitabu changu cha hisabati. Akaishi nasi miaka mingi. Onyo la Bibi lilitimia, sibishi: ndege aliyebaki mmoja alitafuta mwenzake nyumbani mwetu, akampata. Ila hakuna aliyeondoka.

Alipokufa kwa uzee nilikuwa mtu mzima, nauza katika duka la dawa za mifugo. Shangazi alipiga simu akiniuliza najisikiaje. Majirani wakaanza tena kunitazama ubavuni. Nilimzika Mkaidi nyuma ya nyumba, nikamlilia, kisha nikaenda kumwamkia Bibi, ambaye sasa macho yake hayakuona mbali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasikia ndege amekufa."

"Amekufa, Bibi."

"Na wewe?"

"Mimi nina njaa."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akapapasa, akanipa kibakuli cha udongo. "Basi saga," alisema. Nikausaga ulezi ule kwenye jiwe lake mwenyewe, nikapika uji, tukanywa mimi na yeye, na kibakuli hakikujazwa tena.

Bibi hakukosea kunipenda. Alikosea kunilinda kama mtu aliyekwisha nusu, na mtoto akilindwa hivyo siku zote anaanza kuamini kwamba ameazimwa tu duniani. Mimi nilikataa, nikiwa na ndege mwenye bawa bovu shingoni. Maria namkumbuka, na kila mwaka napalilia kaburi lake. Lakini ugali wa ulezi ukiiva kwangu, napakua sahani moja, nakula mpaka naimaliza.