Mausi Iliyokwepa Jina la Mwakibinga

Mimi niliishia darasa la tatu, kutunga uongo mrefu siwezi. Haya niliyaona mwenyewe, mjukuu wangu Tumpe akiwa pembeni, na aliyepatwa bado yu hai hapa Ipyana. Usiponiamini, nenda kamtazame mkono.

Tumpe anachapa barua za watu kwenye kibanda cha kompyuta. Masika yale mausi, vile vipanya vya kuongozea mshale wa kompyuta, zilimtesa. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kokoto, kiganja kinakosa pa kulala. Ya pili, mshale wake ukiupeleka kulia unaruka juu kama chura. Tukaambiwa kosa ni kioo cha meza, tukatandika jalada la daftari. Wapi! Jioni kifundo cha mkono kimevimba, mimi namkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye analia, "Bibi, hii kazi naacha."

Aache, tule nini? Nyumbani ninakaa na Neema na Tusekile, watoto wa marehemu Subilaga, binti wa dada yangu. Baba yao Lusajo alitangulia, mama akafuata. Walichoachiwa ni shamba moja la kakao kule Talatala, basi.

Mchana mmoja natoka shambani kwao, mvua inamwaga. Njiani nikakutana na mwanamke kajitanda kanga, yanaonekana macho tu. Yangu yana ukungu, sikumtambua. Akapiga goti kunisalimia, akanipa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Mpe Tumpe. Hii haitamuumiza."

Nikafungua. Mausi nyeusi, imejaa kiganja, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Wewe wa nani?"

Kabla hajajibu, Mzee Ambilikile Mwakibinga akatokea kwenye kona na mwavuli wake. Yule mwanamke akatoka njiani mbio, akachutama kwenye majani, akampa mgongo, kanga kaivutia usoni.

Wewe wa mbali labda hujui. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, hapishani naye njiani, hata jina lake halitoi kinywani. Na Mwakibinga alizaa mtoto mmoja tu wa kiume, Lusajo. Naye Lusajo alioa mke mmoja tu. Subilaga, ambaye mimi mwenyewe nilimwosha siku ya maziko.

Mzee akapita, hakuona kitu. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na majani yamesimama wima, hata moja halikulala. Ungeitupa ile mausi? Mimi nilikwenda nayo. Mwanangu kaniletea.

Tumpe sikumwambia ilikotoka. Lakini mausi ile, jamani! Mshale unakwenda anakotaka, unasimama anapotaka, hata juu ya kioo kitupu cha meza. Uvimbe ukashuka.

Wiki ya pili Mwakibinga akaingia kibandani. Alitaka karatasi ya kupeleka ofisi ya kijiji, iseme kwamba Lusajo kabla ya kufa alimrudishia baba yake shamba la Talatala. Mimi nipo kwenye benchi, namenya karanga.

"Baba, huo ni uongo," nikamwambia. "Wajukuu zako watakula nini?"

Akacheka. "Bibi, menya karanga zako. Na wewe binti, umeajiriwa kuchapa au kuhukumu?"

Tumpe akachapa, maana mwenye kibanda alikuwa anamtazama. Karatasi ikakaribia kuisha. Mzee akataka jina lake likolezwe, liwe kubwa kuliko mengine. Tumpe akapeleka mshale kwenye jina. Ukakaribia, ukakwepa, ukakimbilia pembeni kabisa ya kioo cha kompyuta, ukatulia huko. Akarudia. Ukakwepa. Maneno mengine yote unayapita vizuri. Kwenye Ambilikile Mwakibinga, haukanyagi.

Karanga zilinimwagika. Nilijua ni nani anayempisha.

"Kazi huiwezi!" mzee akafoka. "Lete hapa!"

Niamini, neno la kumzuia lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

Akaikamata kwa kiganja kizima. Baba mkwe, kumshika mke wa mwanawe! Akapiga ukelele mpaka mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara wakaja. Vidole vilijikunja juu ya mausi, watu watatu wakavuta ndipo ikatoka. Kioo kilikuwa cheupe, hakuna herufi hata moja.

Vidole havijanyooka mpaka leo. Hospitali walipiga picha, hawakuona mfupa uliovunjika. Mkono umebaki umeinama kama umefunika kitu. Jembe hashiki, tonge hashiki, mkewe anamlisha kama kichanga. Shamba ni la Neema na Tusekile, na mausi Tumpe anaitumia kila siku. Mimi siishiki.

Juzi mzee alituma watu, niende kaburini nikamwombee msamaha. Nikawajibu, "Akaombe mwenyewe. Ila mwambieni, mkwe hatamgeukia."

Wakasema nina roho mbaya. Ninayo. Walikuwa wapi watoto walipotaka kunyang'anywa?

Nawe unayesoma, kama unakula cha yatima kwa kuwa mama yao kalala udongoni, rudisha leo. Mimi nimekuonya. Mwenzako sikumwonya.