Siku Mume Wangu Alipompekua Baba

Msimu ule sikuweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kufagia, na uwanja wa kota za askari magereza niliufagia mpaka jirani yangu akaniuliza kama nimepoteza sindano. Nikaendelea kufagia. Baba yangu alikuwa mfungwa nyuma ya ukuta, na mume wangu alikuwa askari kwenye lango la ukuta huohuo.

Gereza lenyewe silitaji. Liko huku kwetu Simiyu, ingawa wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na ukitaka sabuni nzuri ulidandia lori mpaka Bariadi mjini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanaingia vijijini na mizani zao na maneno yao matamu. Watu walifurahi mwanzoni. Mimi pia nilifurahi, maana madukani khanga zilijaa.

Baba alikuwa mkulima wa Kimali, mwenye ng'ombe wa kutosha na hasira ya kuzidi. Hasira nilirithi mimi. Ng'ombe walikwenda kwa kaka zangu. Msimu huo aliona mizani ya mnunuzi mmoja inapunja, akamwambia karani apime upya, karani akacheka. Baba akaivunja ile mizani kwa rungu, kisha akamvunja karani mkono. Hakimu akampa miezi sita, na gereza la karibu lilikuwa letu.

Kwetu Wasukuma mkwe ni mtu wa kuogopwa. Baba na mume wangu hawakuwahi kula sahani moja. Tukienda Kimali, mume wangu alisalimia akiwa amechutama mbali, macho chini, na wakikutana njiani alitoka njiani akasimama majanini mpaka mzee apite. Kumwona baba mkwe bila nguo ni jambo lisilosemwa hata kwa mzaha. Sasa gerezani, kila alasiri wafungwa wanaporudi kazini, huvuliwa nguo zote langoni na kupekuliwa mmoja mmoja. Aliyepangwa kuwapekua alikuwa mume wangu.

Alikwenda kwa bwana jela, mkuu wa gereza, siku ileile baba alipoletwa. Aliomba ahamishiwe mnarani, au jikoni, au popote, mpaka mzee amalize kifungo. Bwana jela akamwambia gerezani hakuna wakwe, kuna wafungwa. Angekuwa mtu wa kanuni kweli, ningelimeza jibu hilo. Lakini alikuwa na shamba kubwa la pamba, na pamba hiyo ilipaliliwa na kuchumwa na wafungwa. Likiisha shamba lake, aliwapeleka kwenye mashamba ya matajiri wa mjini, na malipo hakuna aliyeyaona. Mume wangu alikuwa amethubutu kusema kwenye gwaride kwamba askari wawili hawawezi kulinda kundi zima ndani ya pamba iliyofika kifuani, na kwamba mfungwa akitoroka anayeshtakiwa ni askari. Tangu siku hiyo bwana jela alikuwa anamtafutia pa kumbana.

Mwenzake mmoja alikubali wabadilishane zamu kimyakimya. Wakabadilishana siku chache, bwana jela akajua, akamtisha yule mwenzake kwamba atamhamishia mbali. Kuanzia hapo mwenzake huyo akawa anapita mbele ya mlango wetu bila kusalimia. Simlaumu sana, naye alikuwa na watoto. Ila nilimchukia, na sioni sababu ya kuficha.

Basi mume wangu akawa anampekua baba akiwa ameangalia pembeni. Mzee alifika mbele yake akiwa bado amevaa nguo zake, mume wangu akageuza uso, akamgusa bega kwa vidole, akasema, "Pita." Wafungwa si wajinga. Walipogundua kuwa kuna mzee mmoja asiyesachiwa, tumbaku ya gereza zima ikaanza kuingilia kwenye kaptula ya baba. Aliyemlazimisha alikuwa nyapara, yaani mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wenzake. Nililijua jambo hilo siku ya ndugu kuonana na wafungwa, nilipompelekea sabuni.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama kama alivyozoea. "Mwambie mtu wako anisachi kama wengine. Hawa wananipakia tumbaku kama punda."

"Hawezi, bhabha."

"Najua hawezi. Hata mimi siwezi." Akatema mate pembeni. "Lakini mwambie."

Nilimwambia. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kuna chumvi ndani. Alikuwa hivyo, jambo likimzidi anauliza chumvi. Nilitaka kumrushia mwiko. Tulijua wote wawili tulipofika. Akiendelea kugeuza uso, siku tumbaku ikikamatwa itasemwa yeye ndiye anayeingiza, na atavuliwa magwanda, pengine aingie humohumo ndani kama mfungwa. Akimpekua baba kama wengine, amekwisha ukweni, na mimi nitabaki na mume asiyeweza kukanyaga kwetu. Niliwaza hayo nikiwa nafagia, nikawaza nikiwa nakoroga ugali, nikaunguza mboga.

Tumbaku ikakamatwa ndani, mabwenini. Kesho yake wafungwa waliporudi kutoka shambani, sisi wake wa askari tulikuwa bombani tunakinga maji, ng'ambo ya lango. Nikaona bwana jela ametoka na kiti chake, amekiweka langoni, ameketi. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Baba alikuwa wa mbele mstarini.

"Afande," bwana jela akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kota, "leo utafungua macho. Mvue kwa mikono yako."

Askari wawili watatu walicheka. Nawakumbuka mpaka leo kwa sura zao na meno yao. Niliangusha ndoo nikaanza kukimbilia lango, sijui ningefanya nini, labda ningekipiga teke kile kiti. Jirani yangu, yuleyule wa sindano, alinidaka, akanifunika kichwa kwa khanga yake na kunikumbatia kwa nguvu. Nilimng'ata mkono. Hakuniachia. Aliniambia tu, "Usiangalie, dada. Wewe usiangalie."

Kwa hiyo sikuona. Nilisikia. Ilikuja sauti ya mume wangu, sauti ndogo sana, ikisema, "Inama, baba." Mfungwa huitwa kwa namba, yeye alimwita baba. Na hata tumbaku hawakuikuta siku hiyo, maana nyapara alishaonywa. Nililia ndani ya ile khanga mpaka nikaishiwa pumzi.

Mume wangu alirudi nyumbani akanawa mikono. Akanawa tena. Nikamwekea chakula, hakula. Kesho yake nikavaa khanga safi nikaenda ofisini kwa bwana jela, nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, mengine kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Alinisikiliza huku anachonga penseli. Nilipomaliza akasema, "Mama, hiyo nyumba unayoifagia kila siku ni ya serikali." Nikatoka.

Hakuna aliyekuja kumwuliza mume wangu hali. Kila Jumapili padri alikuja, akaimba na wafungwa, akawaletea sabuni na maneno ya kufariji, akaondoka akipita mbele ya askari waliokuwa wamesimama juani. Mishahara ilichelewa, na viatu vya kazi mume wangu alijinunulia kwenye mitumba, lakini hayo aliyazoea. Hili la baba lilikuwa zito, na hapakuwa na mtu wa kulitua kwake. Wenzake walimwita pombeni mara moja. Huko wakambandika jina: Mkwe. Likamganda. Hata watoto wa kota walianza kumwita hivyo bila kujua maana yake, na aliitika.

Na aliendelea kumpekua baba kila siku, kama wengine, mpaka kifungo kilipoisha. Kila nikisikia wafungwa wanarudi, niliingia ndani nikafunga mlango, nikazungukazunguka katikati ya kitanda na meza. Mume wangu alikonda. Alianza kulala chini, kwenye mkeka, akisema kitanda kina joto.

Siku baba alipotoka nilidhani atapanda lori moja kwa moja aende zake. Akaja kwangu. Hakuingia, alikaa nje kwenye kigoda, nikampa uji, akaunywa polepole huku anatazama njia ya kutoka gerezani. Alikuwa amekuja kumsalimia mkwe wake. Zamu ya mume wangu ikaisha. Alitokea kwenye kona ya kota, kofia mkononi, akamwona baba. Akasimama. Kisha akavaa kofia, akageuka, akarudi gerezani.

Baba alimwangalia mgongo mpaka lango likafungwa.

"Mayu," akasema, "mwambie mimi siku ile nilikuwa naangalia juu, kwenye bati. Sikumwona aliyenivua. Sijui hata alikuwa nani."

"Bhabha, mbona ulimwona kila siku..."

"Sikumwona!" Akaniwakia, hasira yake yote ya Kimali imerudi. "Mwambie hivyo. Mwambie aje nyumbani nimchinjie mbuzi."

Akaondoka. Mume wangu alirudi jua linazama, akakaa kizingitini kufungua kamba za viatu. Nikamweleza yote, kuhusu bati na kuhusu mbuzi, nikayasema vizuri kadiri nilivyoweza, nikamsihi. Nilimwambia mzee amesema hakumwona mtu.

Alivua kiatu kimoja, akakishika.

"Mshukuru sana," akasema. "Lakini mimi nilimwona."