Ruhusa ya Petroli

Jumamosi ile nilikuwa nafua kanzu za mume wangu, na kama kawaida nilikuwa nazisema vibaya. Hakuna sabuni iliyoweza kuitoa harufu ya mafuta ya taa. Mbarouk alikuwa msimamizi wa bohari ya mafuta ya serikali pale Bububu, na mafuta yalimwingia mpaka kwenye kofia. Majirani walimwita Bwana Bohari, naye akifurahi, ingawa alijifanya kununa. Mimi nikimtania kwamba nimeolewa na pipa.

Mwaka ule vita vilikuwa vimezuka kwenye Mfereji wa Suez, na meli zikawa haziji kwa wakati. Serikali ikayakusanya mafuta yote ya kisiwa, petroli na ya taa, chini ya shirika lake moja. Mwenye gari aliyetaka petroli alikwenda kwanza mjini, Shangani, akaombe ruhusa yenye mhuri, ndipo aje nayo kwa Mbarouk. Sikuona ubaya. Mafuta kidogo, watu wengi, lazima awepo wa kugawa. Na nisiseme uongo, nilipenda kuwa mke wa mgawaji. Wanawake waliokuwa hawaniitikii salamu walianza kuniita Bi Zuhura.

Kisha shirika likataka kujenga matangi makubwa ya akiba, na pwani waliyoichagua ilikuwa mashamba ya kwetu, kwenye njia ya Mangapwani. Vigingi vyeupe vikapigwa katikati ya muhogo wa ndugu yangu Haji, mtoto pekee wa kiume wa mama yetu. Hakuna aliyeulizwa. Watu wakaving'oa, vikapigwa tena, wakaving'oa tena.

Jioni ya Jumamosi hiyo Haji alikuja kwetu, akakaa na Mbarouk barazani.

"Shemegi, matangi haya ni faida yetu sote," Mbarouk alimwambia. "Meli zikikawia, hatutolala kiza."

"Na muhogo wangu ntaupanda juu ya tangi?"

Tulicheka sote watatu. Haji alikula kwetu, akaondoka na kipande cha mkate wa kumimina cha kumpelekea mama.

Kesho yake asubuhi nilikwenda shamba kumtazama mama. Nilikuta watu wamesimama mbele ya vigingi, wanaume mbele, wengine na majembe, wengine na mapanga, wanawake nyuma. Nikasimama nao kwa sababu mama alikuwa amesimama nao.

Askari walikuja kwa magari mawili. Moja nilikuwa nalijua. Lilikuwa gari la bohari.

Mkubwa wao alisema jambo kwa sauti, na watu wakamjibu kwa kelele. Mtu akarusha jiwe. Sikumwona ni nani.

Bunduki zikalia.

Nilianguka kifudifudi kwenye muhogo.

Nilipoinua kichwa, askari walikuwa wanarudi nyuma kuelekea magari yao, na Haji amekaa chini, ameshika paja kwa mikono miwili. Alikuwa akiitazama damu inavyopita kati ya vidole vyake kama mtu aliyemwaga kitu asijue akifute kwa kitu gani.

Tulimfunga kwa kanga ya mama, halafu na yangu. Makame, dereva wa gari la nazi, alituambia ukweli kabla hatujampandisha. Petroli iliyomo itafika Bububu tu. Hospitali iko mjini.

"Twende," nikasema. "Bububu yuko mume wangu."

Nilisema kwa kujidai, watu wote wakinisikia. Mama na vijana wa shamba wakapanda nasi.

Langoni pa bohari palikuwa na askari wawili wenye bunduki. Mbarouk alitoka mbio, akapanda garini, akamshika Haji paji la uso. Kisha akamgeukia Makame.

"Ruhusa unayo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mbarouk, huyu ni Haji."

"Namwona, Zuhura. Nimepewa agizo leo asubuhi, hata tone lisitoke bila ya karatasi ya Shangani. Na hawa wamewekwa hapa kwa hilo hilo."

Askari mmoja aliihamisha bunduki yake kutoka bega moja hadi jingine.

Mbarouk alipiga simu ofisini. Ilikuwa Jumapili, haikupokewa. Polisi walikuwa wamelichukua gari lake, na petroli yao yeye mwenyewe ndiye aliyewatilia alfajiri, kwani walikuja na karatasi. Akachukua baiskeli aende mjini kuitafuta karatasi.

"Nnakwenda, mama. Narudi sasa hivi. Ningojeni."

Alipokwisha kuondoka, vijana waliokuja nasi waliazima kitanda cha kamba nyumba ya jirani. Walitaka kumbeba Haji mabegani mpaka mjini. Walikuwa wanane, wenye nguvu, wangepokezana. Mama akawazuia.

"Mkwe wangu kashasema tumngoje. Akirudi asitukute, tumemvunjia heshima yake mbele za watu. Mtu anahangaika kwa ajili yetu!"

"Mama, wacha wambebe," nikasema.

"Mumeo huyo, Zuhura."

Kwetu mama mkwe hamwaibishi mkwewe, hata kwa jicho. Vijana walilijua hilo kama mimi. Wakakiweka kitanda kivulini, na sote tukangoja.

Haji aliomba maji. Nikamnywesha.

"Zuhura," akaniambia, "mumeo kaenda kuichimba hiyo petroli?"

Nilicheka ili naye acheke. Akafumba macho. Kanga ya pili ilikuwa imeshalowa, nikaikaza, haikusaidia kitu.

Hakusema tena.

Mama alimsomea. Adhana ya adhuhuri ilimkuta ameshamfunika uso.

Mbarouk alirudi akiwa wima juu ya baiskeli, karatasi mkononi, kanzu imemganda mwilini kwa jasho. "Nimepata! Mama, nimepata! Nimemkuta mkubwa wa shirika klabuni, nimemwomba mpaka katia saini!"

Akashuka, akaiacha baiskeli ikaanguka, akakiona kitanda. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya askari. Sitamsingizia kwamba hakulia.

Lakini Haji ilibidi arudishwe nyumbani kuoshwa na kuzikwa, na gari la Makame lilikuwa kavu. Mbarouk akafungua bohari, akapima petroli, akatia. Askari aliisoma ile karatasi, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa sahihi, yenye mhuri, kwa ajili ya kumpeleka mgonjwa hospitali.

Nilidhani yamekwisha. Mbarouk akaja mpaka alipokaa mama, macho yake chini.

"Mama, niwie radhi. Karatasi ina jina lako, na mpokeaji lazima atie dole."

Nilitamani ardhi inimeze. Makame akageuka upande. Mama yangu aliutoa mkono wake kwenye kanga, akakibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka pale alipoonyeshwa.

"Nshatia, baba," alisema. "Mungu akulipe kwa kuhangaika kwako."

Matangi hayakujengwa pale. Walipata pwani nyingine, na sikuwahi kuelezwa kwa nini pale palifaa kufiwa na hapakufaa kujengwa. Meli zilianza kuja tena. Mbarouk alibaki bohari mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu mbaya, na nimechoka kuwaambia watu hivyo. Wengine huniuliza kwa nini sikuomba talaka. Ningemwomba talaka mtu aliyekuwa akiamka usiku kumlilia ndugu yangu? Lakini nilikula mshahara ule miaka yote, na kila nilipoufungua mfuko wa mchele niliona haya.

Mama hakumsema hata siku moja. Lau angemtukana, ningeshusha pumzi. Mpaka anakufa, kila nilipokwenda kwake alinifungulia mlango, akatazama nyuma yangu kama nimekuja na mtu, akaniuliza kwanza, kabla hata sijakaa, "Mbarouk hajambo?"

"Hajambo, mama," nikimjibu, na uso wangu sijui niuweke wapi.